Kompyuta Ipo, Chumba Je?

Simama katikati ya chumba unachotaka kurekodia, piga kofi moja kali, kisha nyamaza usikilize. Kama kuta ni za matofali ya saruji, chini vigae na madirisha ni ya vioo, utasikia kofi lako likirudi na mlio mwembamba, kama wa bati linalotetemeka. Mlio huo utaingia katika kila neno utakalorekodi humo, na hakuna programu itakayoutoa wote bila kuijeruhi sauti yenyewe. Naanza na kofi kwa sababu wanaoniuliza habari za kurekodi nyumbani huanza na kompyuta: ninunue ipi, iwe na kumbukumbu kiasi gani, niweke programu gani. Maswali hayo yana majibu, tena mepesi kuliko wanavyodhani. Swali gumu ni la chumba, na baada ya chumba ni la sikio.

Zamani swali gumu lilikuwa la mashine. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay ili sauti zao zitiwe kwenye santuri. Mashine ilikuwa huko, basi mwimbaji aliifuata mashine. Miaka ya 1970 bendi za dansi za Tanzania zilirekodi Redio Tanzania Dar es Salaam, wanamuziki wote chumba kimoja wakipiga kwa pamoja, na mpiga tarumbeta akikosea, wote walirudi mwanzo. Redio binafsi zilipoanza miaka ya 1990, studio za watu binafsi kama MJ Records na Bongo Records ziliubeba muziki wa kizazi kipya, lakini msanii bado alikuwa mgeni katika chumba cha mtu mwingine, akiimba huku anaitazama saa.

Kompyuta ilifika kwa hatua ndogondogo. Cubase, ya kampuni ya Steinberg ya Ujerumani, ilitoka mwaka 1989 kwa kompyuta za Atari, nayo ilipanga noti za vinanda tu. Sauti ya binadamu haikuweza kuirekodi. Pro Tools ilitoka Marekani mwaka 1991 ikiwa na treki nne, na ilihitaji vifaa maalumu vya bei ambayo mtu wa kawaida hakuifikiria. Geuko lenyewe, kwa maoni yangu, ni la mwaka 1996, Steinberg walipotoa Cubase VST, iliyotumia ubongo wa kompyuta yenyewe kuongeza mwangwi na kurekebisha besi, kazi zilizokuwa za mitambo ya kujaza kabati zima. Mwaka 1999, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg walianza kuandika Audacity, na mwaka uliofuata wakaitoa bure. Ubelgiji nako, kampuni ya Image-Line ilikuwa imetoa FruityLoops, ambayo sasa ni FL Studio. Vijana wengi wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wamejifunzia humo kupanga midundo, bila mwalimu na bila cheti.

Matokeo tumeyaona. Muziki wa singeli ulikuzwa katika vyumba vya uswahilini, kwa kompyuta za kawaida. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko uitwao Sounds of Sisso, kazi za studio ndogo ya Mburahati, Dar es Salaam, na muziki huo ukafika kwenye matamasha ya Ulaya. Marekani, albamu ya Billie Eilish iliyotwaa tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka, Januari 2020, ilitengenezwa kwa sehemu kubwa chumbani kwa kaka yake, nyumbani kwa wazazi wao. Kabla ya hao wote, mwaka 1982, Bruce Springsteen alirekodi nyimbo za Nebraska nyumbani kwake New Jersey kwa mashine ya kaseti yenye treki nne. Alijaribu kuzirudia studio na bendi yake, kisha akaamua kutoa ileile kaseti. Kwa hiyo swali la kama kazi ya nyumbani inaweza kuwa kazi kamili lilijibiwa hata kabla ya programu hizi za kompyuta. Linalobaki ni nini hasa huifanya ifaulu au ianguke.

Tuingie ndani ya mashine kidogo, maana humo ndimo mnamozaliwa hofu nyingi za bure. Kompyuta hupima sauti. Maikrofoni hugeuza mtetemo wa hewa kuwa umeme, na umeme huo hupimwa maelfu ya mara kwa sekunde, kila kipimo kikiandikwa kama namba. Kwenye CD, tangu 1982, ni mara 44,100 kwa sekunde. Namba hiyo ina sababu: sikio la kijana mzima husikia mitetemo inayofika kama 20,000 kwa sekunde, na kuurudisha mtetemo wowote kama ulivyokuwa kunahitaji vipimo zaidi ya viwili kwa kila mzunguko. Kwa hiyo 44,100 inatosha, na wa filamu na video hutumia 48,000. Anayekuambia huwezi kupata sauti nzuri mpaka ufike 192,000 anakujazia diski bure.

Ukubwa wa kila namba una maana zaidi. Huo huhesabiwa kwa biti, na nasema biti za kompyuta, si zile wasanii wanazochania. Biti 16 zinatoa ngazi 65,536. Biti 24 zinatoa zaidi ya milioni 16. Kwa lugha ya sikio, biti 16 zina nafasi ya desibeli kama 96 kati ya ukimya na kilele, na biti 24 zina kama 144, nafasi ambayo hakuna chumba cha nyumbani kitakachoijaza.

Faida ya nafasi hiyo niliielewa Pangani, kwa Mama Mkubwa wangu. Nilikwenda kumrekodi hadithi anazozijua tangu utoto wake. Sauti yake ni ya chini, ya mtu aliyezoea kusimulia watoto wakiwa wamemzunguka, kwa hiyo nikapandisha kiwango cha kuingiza sauti hadi karibu na kilele. Akaniuliza, “Mwanangu, hicho kidude kinanisikia kweli?” Nikamwambia, “Kinakusikia, Mama.” Akasimulia dakika ishirini bila kukwama. Alipofika pale sungura anapomponyoka fisi, akacheka kicheko chake kile cha kujirusha nyuma. Kwenye skrini mistari ikagonga dari na kukatwa vichwa, na kwenye hedifoni kicheko kikapasuka kama karatasi. Nikamwomba arudie. “Kicheko hakirudiwi, mwanangu,” akasema, akaendelea na hadithi.

Sifuri kwenye kipimo cha kompyuta ni dari, na kilichopita dari kimekatwa moja kwa moja. Utepe wa zamani ulivumilia kidogo sauti ikizidi. Namba hazivumilii hata chembe. Rekodi kwa biti 24, acha vilele vicheze karibu na desibeli 12 chini ya sifuri, na usijali sauti ikionekana ndogo kwenye skrini, kwa kuwa kuipandisha baadaye ni kazi ya sekunde moja. Tena hifadhi kwa WAV. Dakika moja ya stereo kwa kipimo cha CD inakula megabaiti kama 10, na MP3 ya kilobiti 128 inakula moja hivi, kwa sababu sehemu kubwa ya sauti imetupwa, na kilichotupwa hakirudi. MP3 ni ya kuwatumia watu WhatsApp.

Upande wa kuingiza sauti, tundu dogo la maikrofoni la laptopu limetengenezwa kwa mazungumzo ya kawaida, na huja na mvumo wake. Ukitaka kuvuka hapo, nunua kadi ya sauti ya nje inayochomekwa kwenye USB. Ndogo yenye matundu mawili inatosha watu wengi kwa miaka mingi. Faida yake nyingine ni kupunguza kuchelewa kwa sauti. Kompyuta huzikusanya namba kwa mafungu kabla ya kuzichakata: fungu la vipimo 1,024 ni milisekunde 23, na fungu la 128 ni kama milisekunde 3. Hewani sauti huchukua milisekunde 3 hivi kusafiri mita moja. Maana yake, anayejisikia kwenye hedifoni kwa fungu kubwa ni kama anaimba akiwa amesimama mita nane kutoka kwa bendi, na safari ya kurudi kwenye sikio humwongezea umbali mwingine. Ataimba nyuma ya mdundo, mtamlaumu kwamba hana mahadhi, kumbe kosa ni la mpangilio. Punguza fungu wakati wa kurekodi, liongeze wakati wa kumiksi. Kadi nyingi pia zina kitufe cha kumpelekea mwimbaji sauti yake moja kwa moja kabla haijapita kwenye kompyuta.

Kuhusu maikrofoni nina msimamo ambao wauza vifaa wengi hawaupendi. Ya kondensa, inayohitaji umeme wa volti 48 kupitia waya wake, husikia kila kitu: pumzi, kidole kinachogusa meza, konda wa daladala anayeita abiria mtaa wa pili. Katika studio tulivu hiyo ni sifa. Katika chumba cha kupanga Manzese au Kayole ni adhabu. Ya dainamiki, aina ya Shure SM58 iliyopo majukwaani tangu 1966, ni nzito ya kusikia na hutaka usogee karibu, na kwa sababu hiyohiyo humwacha konda nje. Kwa fedha kidogo na mtaa wenye kelele, chukua dainamiki, kisha uisogeze hadi shubiri moja kutoka mdomoni. Ukiongeza umbali mara mbili, sauti yako hupungua desibeli 6 lakini mwangwi wa chumba hubaki vilevile. Shubiri moja ni dawa bora ya chumba kibaya kuliko programu yoyote niliyowahi kutumia.

Ukisogea hivyo, pumzi za herufi zitaipiga maikrofoni. Hapa Kiswahili kina lake. Mzungumzaji wa Kimvita hutofautisha paa la nyumba na paa wa porini kwa pumzi: yule wa porini ana p yenye hewa nyingi, nayo hugonga maikrofoni kama ngumi. Sitaki mtu amwambie msimulizi wa Mombasa apunguze pumzi yake ili kurahisisha kazi ya fundi, kwani pumzi hiyo ndiyo lugha yenyewe. Sogeza maikrofoni pembeni kidogo ya mdomo ili hewa ipite mbele yake, au tanda soksi ya nailoni kwenye duara la waya uiweke katikati.

Sasa chumba. Sauti inayogonga ukuta mgumu hurudi, na katika chumba kidogo hurudi haraka mno hivi kwamba sikio haliitengi na sauti ya kwanza. Husikia tu kwamba msemaji yuko ndani ya ndoo. Besi ni tatizo jingine. Kati ya kuta mbili zilizoachana mita 3, mtetemo wa kama hezi 57 hukaa na kujiimarisha, na kila noti ya gitaa la besi iliyo jirani na hapo huvuma kupita nyingine. Chumba cha mita 3 kwa 3 ndicho kibaya zaidi, maana kuta zote nne hukubaliana kuimba noti ileile, na ndicho chumba ambacho wengi wetu tunacho.

Trei za mayai mnazoziona ukutani kwenye picha za studio za mitaani hazifanyi kazi mnayodhani. Ni karatasi nyembamba. Huvunjavunja kidogo sauti za juu kabisa na kuziacha besi zipite kama vile hakuna kitu, tena zikishika moto ni balaa. Kinachomeza sauti ni kitu kinene chenye matundu ya hewa: godoro lililosimamishwa nyuma ya mwimbaji, mablanketi mazito yaliyoachwa nafasi kidogo na ukuta, kochi, kabati la nguo lililo wazi na kujaa. Nimesikia vokali safi zilizorekodiwa na mtu aliyesimama akiangalia nguo za mkewe, godoro mgongoni. Halafu kuna nyumba ambazo tumezidharau: nyumba ya udongo yenye paa la makuti humeza sauti vizuri kuliko nyumba nyingi za saruji na vigae. Aliyerithi chumba kama hicho kijijini ana rasilimali, asikivunje kwa sababu ya studio.

Kuzuia kelele ya nje ni jambo tofauti kabisa na kumeza mwangwi wa ndani, na watu huyachanganya. Godoro halizuii bodaboda. Kelele huzuiwa na uzito na kuziba kila upenyo, gharama ambayo mpangaji hawezi kuibeba, kwa hiyo silaha ya mpangaji ni saa. Jua mtaa wako una ratiba gani: adhana saa ngapi, mashine ya kusaga inaanza lini, watoto wa shule wanapita wakati gani. Wengi tunarekodi kuanzia saa sita usiku hadi kabla ya jogoo. Zima feni, chomoa friji kwa nusu saa, uvumilie jasho. Mvua ikianza kupiga bati, funga kazi ukalale, kwa kuwa sauti ya mvua imeenea katika masafa yote ya sauti ya binadamu na programu ikiikata hukata na maneno.

Umeme nao una sauti. Mvumo wa hezi 50, unaotokana na nyaya za nyumba na mara nyingi na kukosekana kwa ethi nzuri, huingia kupitia chaja ya laptopu. Jaribu kuchomoa chaja urekodi kwa betri. Mara nyingi mvumo hufa papo hapo. Anayetumia kompyuta ya mezani asikae bila UPS, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya treki hupoteza treki, na wakati mwingine diski.

Programu nitazipitia haraka. Kwa simulizi, mahojiano na masomo, Audacity inatosha na ni bure. Kwa treki nyingi, Reaper inakwenda vizuri hata kwenye kompyuta dhaifu, na leseni yake ya mtu binafsi ni dola 60 tu. Kwa midundo, FL Studio. Nawasihi vijana waache programu zilizovunjwa kufuli. Nyingi zinakuja na virusi, na nimeona kazi ya mwaka mzima ikifungwa na kirusi kilichoingia hivyo.

Kumiksi ndiko sikio linakopimwa. Usiamini hedifoni peke yake. Sikiliza kwenye simu, kwenye redio ya jikoni, kwenye spika za bajaji. Weka karibu wimbo wa mtu unayemheshimu, ulinganishe kila baada ya dakika kumi, maana sikio huzoea kosa haraka. Wala usiubane wimbo ili upige kelele kuliko wa jirani. Kwa kawaida Spotify hushusha nyimbo zenye kelele hadi 14 chini ya sifuri kwa LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti inavyosikika, kwa hiyo wimbo uliobanwa hushushwa, ukabaki umechoka na hauna nguvu.

Kuna hasara moja ambayo haizungumzwi vya kutosha. Kompyuta ya nyumbani inampendelea mtu mmoja. Inamtaka aingize sauti leo, gitaa kesho, kwaya wiki ijayo, wote wakifuata mdundo usiowasikia. Taarab ya kikundi kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa Unguja mwaka 1905, haikujengwa hivyo. Fidla husubiri mwimbaji avute pumzi, kanuni hujibu, dumbak huongeza kasi kwa macho tu. Ukiwatenga, ukawapanga kwenye treki zilizonyooka, utapata noti zote na kukosa taarab. Ngoma za mikoani ni vivyo hivyo. Kwa kazi hizo hukumu yangu ni kwamba chumba cha kulala hakifai, na suluhisho si kununua kadi yenye matundu 16. Chukua laptopu na maikrofoni mbili uzipeleke ukumbini kwao, uwarekodi wakipiga pamoja, makosa yao yamo. Kompyuta inayobebeka ina faida hiyo kuliko studio yoyote, na tunaitumia kidogo mno.

Halafu kuna kupotea. Kanda za Redio Tanzania zimedumu miongo mingi kwa kuwa zilikaa kabatini. Kazi za vijana wetu wa miaka ya 2000 ziko wapi? Nyingi zilikufa na diski iliyoacha kuzunguka, zikabaki MP3 zilizobanwa, bila treki za asili. Kabla hujaongeza maikrofoni ya pili, nunua diski ya pili ya nje. Nakili humo treki zote mbichi kwa WAV, andika jina la msemaji au mwimbaji, mahali na tarehe, kisha ipeleke ikae kwa ndugu anayeishi nyumba nyingine. Mwenye mzee nyumbani aanze na huyo, kwa kifaa alichonacho leo. Mama Mkubwa ameniahidi hadithi nyingine saba. Nyumba yake ni ya bati, kwa hiyo nasubiri masika yaishe ndipo nirudi Pangani.